Mzee Asiyeambiwa

Boito, wakati wa mvua

Baba Rael,

Kwani miguu yako imekatwa? Niambie tu, nijue nina mume asiye na miguu, nianze kukuhurumia. Tangu nije huku kumsaidia binti yako, mahindi yamepandwa na kuvunwa mara tatu, yamepandwa tena, na kila mtu anayetoka huko Kipkelion ananiletea salamu zako zile zile: "Mwambie nitakuja, wacha kwanza ng'ombe azae." Ng'ombe amezaa, nimesikia. Huyo ndama saa hii anakula nyasi mwenyewe. Sasa unangoja naye aolewe? Treni inapita hapo chini ya shamba lako, inakuonyesha vile watu husafiri, na wewe unaiangalia tu mdomo wazi kama mbuzi. Aibu!

Haya, nimepumua. Nakusalimu sana, baba ya watoto wangu. Goti lako linaendeleaje, lile linalojua mvua kabla ya mawingu? Umeziba bati linalovuja juu ya kitanda, au umehamisha kitanda? Nakujua. Umehamisha kitanda. Na unakula nini? Usije ukasema nilikuacha na njaa, sukuma wiki niliipanda karibu na mlango ili usichoke kutembea. Mimi niko mzima. Mgongo unalalamika, lakini nimeuambia ungoje.

Usishtuke kusikia nimekuandikia kwa Kiswahili. Anayeandika ni Nekesa, mama mmoja wa kuchuma majani kwenye shamba kubwa la chai lililopakana na hapa. Kwao ni upande wa Bungoma, na lugha yetu hajui zaidi ya salamu ya "chamgei". Mimi nasema, yeye anaandika, na mahali Kiswahili changu kimevunjika yeye anakifunga bandeji. Lakini nimemwambia asinilainishie maneno. Na tena ni afadhali hivi. Yale nitakayosema leo, kwa lugha yetu ulimi wangu ungekataa. Kwa lugha yetu kila neno lina mkwe amekaa ndani yake anasikiliza. Kiswahili kwangu ni kama nguo ya kuazima, nikiitia matope si yangu.

Na wewe mama wa duka unayemsomea huyu mzee, nakushukuru. Soma yote. Akikunja uso, endelea. Akisema ng'ombe wanamngoja, mwambie akae chini.

Neno lililonifanya nitafute mtu wa kalamu ni hili: Chelangat, mjukuu wetu, ni mgonjwa. Ni tumbo. Ni lile lile lililomchukua kaka yake Kiprono.

Wewe hukumwona Kiprono. Alikuwa na masikio yako, yale ya kusimama kama anaitwa. Nilikuambia hayo wakati alizaliwa, ukasema utakuja uyaone, na ulipopata habari tena tulikuwa tumeshamzika. Sikukulaumu, mtoto mchanga hangojewi na wageni. Lakini hakuna mtu aliyekuambia vile alienda, kwa hiyo nitakuambia mimi, maana ndiyo mwanzo wa maneno haya.

Mvua ilikuwa imeshika. Mtoto akafunguka tumbo, akatapika, na kesho yake alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Rael akamfunga mgongoni, mimi nikabeba shuka, tukashuka mpaka kwenye banda la kupimia majani, kwa sababu ule ni mtelezo ambao hakuna gari linapita isipokuwa lori la chai. Watu walikuwa kwenye foleni na vikapu vyao, karani anapima, wanagombana juu ya mizani kama siku zote. Yule anasema majani yake hayana maji, huyu anasema mizani imelala upande. Rael akanigeukia, akasema, "Mama, nyamaza kidogo, nataka kusikia kama anapumua." Mimi sikuwa nimesema kitu. Ni wale wengine. Nikawapigia kelele: "Nyamazeni nyinyi!" Wakanyamaza wote, hata karani akashika mizani isilie. Na kwa huo ukimya wote hatukusikia kitu.

Lori lilipokuja tuliliambia liende.

Sasa sikiliza mambo ya maji. Baada ya Kiprono, na watoto wengine wa kilima hiki waliomfuata, walikuja watu wa maji na pikapu yao. Walikuwa watu wazuri, sitaki kuwasema vibaya. Wakatukusanya kanisani, wakatuambia magonjwa ya watoto yanatoka kwa choo kuingia kwa maji, na kutoka kwa maji kuingia kwa mdomo. Tulikubali. Chemchemi yetu wakati ule ilikuwa wazi, ng'ombe wanaingia na miguu, sisi tunachota pembeni. Wakasema wataifunika na simiti, waweke bomba, maji yatoke safi, lakini kwanza kila boma lichimbe choo. Boma lisilo na choo litafanya kilima chote kikose simiti. Hapo watu walichimba! Hata wale wavivu unaowajua kila mahali wako, walichimba.

Aliyechimba wa kwanza ni arap Tonui, baba mkwe wa Rael, pamwai wako. Hilo neno "pamwai" nimemwambia Nekesa aliache vile lilivyo. Mama wa duka, maana yake ni hawa wazee wawili ambao watoto wao wameoana. Wanaitana hivyo na wanaheshimiana kama ndugu. Basi pamwai wako alimlilia Kiprono kuliko sisi wote. Alikuwa mjane hata kabla Rael hajaolewa, na huyo mtoto ndiye alikuwa wa kulala kwa mkono wake jioni akisikiliza redio. Alichimba lile shimo na hasira, mtu angefikiri anamtafuta aliyemuua mtoto huko chini. Akalijengea mabati, akaweka mlango wenye kitasa. Ni choo kizuri kuliko nyumba uliyonioa nayo. Mgeni akija, mzee anampeleka kukiona kama watu wengine wanavyopeleka mgeni kuona fahali.

Na hajawahi kuweka mguu ndani.

Wewe umeshaelewa, hata kabla sijamaliza. Nakuona hapo kwenye stuli. Lakini mama wa duka si wa kwetu, nitamweleza. Kwetu, mama wa duka, mzee na mke wa kijana wake wanaheshimiana. Hakai kwenye kiti chake, hatoi maneno ya mwili mbele yake, na choo anachoingia mke wa kijana wake, yeye hawezi kuingia hata ukimshikia panga. Vivyo hivyo mimi na mume wa binti yangu. Watu wa maji walihesabu boma, hawakuhesabu waliomo ndani ya boma. Boma moja, choo kimoja, maliza. Rael anakitumia, na Johana mume wake anakitumia. Kwa hivyo mzee hakitumii, na mimi pia sikitumii.

Utaniuliza, sasa wewe huenda wapi? Usicheke. Mimi kila asubuhi napita katikati ya majani ya chai yenye umande, nalowa mpaka kiunoni, naenda kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa chai, kuomba choo kwa Nekesa. Ndivyo tulivyojuana. Watu wengine hupata rafiki kanisani, mimi nimepata rafiki chooni. Nekesa amesimamisha kalamu anacheka. Andika, wewe, wino unakauka!

Lakini mzee hawezi kwenda kwenye laini za wachuma chai kuomba choo na fimbo yake mkononi. Wangemwangalia. Na huku kwetu kila mahali ni chai, na chai imekatwa fupi, haifichi mtu mzima. Kichaka kilichobaki ni kimoja tu, kile kilicho kwenye ardhi ya majimaji ambapo chai haikubali. Nacho kiko juu ya chemchemi, pale pale, mtu akiteleza anaangukia kwenye simiti. Mimi nilikuwa nimeenda kuokota kuni. Nikamwona anapanda polepole na fimbo, anaangalia nyuma. Nikageuka, nikarudi bila kuni. Sikumwona. Unanielewa? Huku sisi wote hatujamwona.

Siku watu wa maji walipokuja kufungua bomba, mchungaji aliomba, tukaimba, na msichana mmoja wao, mtoto mzuri wa suruali na viatu vya mpira, akasimama mbele ya umati akamuuliza pamwai wako: "Mzee, na choo unatumia?"

Watu wote wakaangalia chini.

Mzee akasema, "Choo ni changu. Nimekichimba na hii mikono."

"Asante sana, mzee! Mpigieni makofi!"

Tukapiga makofi. Baba Rael, hata mimi nilipiga. Hakuwa amesema uongo, lakini hakuwa amejibu. Yule msichana akafurahi, akapanda pikapu, na hatujawaona tena.

Basi tukanywa maji ya bomba. Nani hangekunywa? Yalikuwa baridi, meupe, hayana mdudu. Rael aliacha kuchemsha. Akasema kuni zimelowa, na majani yako mengi shambani yanangoja kuchumwa, na simiti imewekwa, mama, tutachemsha mpaka lini? Mimi pia niliona ni kweli. Lakini mvua ilipoanza, nikaona maji ya bomba yanatoka na rangi, si nyekundu, ni ile rangi ya chai ya mtu maskini, iliyopikwa na majani ya jana. Na juma lile Chelangat akaanza.

Mara ya kwanza alipona. Tulimpeleka dispensari, sista akatufundisha ile dawa ya maji yaliyochemshwa na chumvi na sukari, na tuendelee kumpa uji hata kama anaharisha. Halafu akamuuliza Rael: "Maji mnatoa wapi?"

"Kwa chemchemi iliyofunikwa."

"Juu ya hiyo chemchemi kuna nini?"

Rael akasema, "Kichaka."

"Na nani huenda kwenye hicho kichaka?"

Rael akaangalia viatu vyake. Mimi nikaangalia vyangu. Sista akatungoja. Kulikuwa na foleni ndefu nyuma yetu, mtoto mmoja analia, na sista anatungoja tu, na binti yangu ambaye anajibu kila mtu, ambaye alimjibu hata chifu, hakufungua mdomo. Mwishowe nikasema, "Sista, ni ng'ombe." Akasema, "Basi wekeni ua, ng'ombe wasipande." Tukasema ndiyo, sista.

Huyo ndiye mkeo. Yule unayesema mdomo wake hauna mlango.

Nimejaribu, usifikiri nimekaa. Nilichemsha maji mpaka sufuria ikawa nyeusi kuliko mimi. Lakini mtoto anashinda na babu yake. Amejifunza kutembea akishika fimbo yake. Wanashuka wote wawili mpaka bombani, mzee anakinga maji kwa kiganja, anampa. Nikamwambia, kwa heshima, nikiwa mlangoni na uso nimeuelekeza kando, "Mzee, sista amesema mtoto apewe yaliyochemshwa." Akacheka. Akasema, "Mama Rael, simiti imewekwa, mchungaji ameomba juu yake, na bado unayachoma moto? Maji ya moto hayana ladha. Huyu mtoto anajua maji." Na akampa mengine, na mtoto akayanywa akiniangalia na macho yale makubwa, amefurahi.

Nilimwambia Johana. Johana ni kijana mzuri, sina neno naye. Akakuna mpini wa jembe. "Mama," akasema, "nimwambie nini? Nimwambie, baba, nimekuona?" Nikasema, basi mchimbie choo chake mwenyewe, si lazima useme kitu. Akasema, "Nikianza kuchimba ataniuliza, hiki ni cha nani? Nikisema ni chako, nimemwambia." Ni kweli. Ukimchimbia mzazi wako choo bila yeye kuomba, umeshatangaza kwa kilima chote kwamba unajua anakokwenda. Na yeye mwenyewe akichimba cha pili, ni kama anatangaza kwa kinywa chake. Angekuwa na mke, mke angemwambia kitandani, na asubuhi angeamka anachimba kana kwamba ni wazo lake. Ndivyo nyinyi wanaume mnavyoambiwa vitu. Lakini mke wake yuko kaburini, wa rika lake wamebaki wachache na hawatembei, na mchungaji alisoma shule na Johana, ni mtoto kwake.

Kwa hivyo siku moja nikasema nitamzunguka. Alikuwa amekaa uani, Chelangat kwa magoti yake, mimi niko jikoni natoa maganda ya viazi. Nikasema kwa sauti, kama mtu anayejiongelesha:

"Kule kwetu Kipkelion tulikuwa na ng'ombe mmoja wa ajabu. Akifika kwenye maji, kwanza anachafua, halafu anakunywa."

"Huyo hana akili," mzee akasema.

"Na ndama wanakunywa nyuma yake."

"Si wataugua?"

"Wanaugua, mzee. Mmoja alikufa."

"Ng'ombe kama huyo ni wa kuuzwa."

"Na kama huwezi kumuuza? Kama ndiye fahali wa boma?"

Akafikiri. Nikaacha kisu. Nikasema, Mungu, leo. Chelangat alikuwa anavuta kifungo cha koti lake. Mzee akasema polepole, "Fahali huwezi kumwambia kitu. Hao wengine watafutiwe maji mahali pengine." Halafu akamwinua mtoto juu, akamtikisa, na mtoto akacheka. Mimi nikajifunika uso na leso humo jikoni.

Sijui kama alinielewa. Siku nyingine nafikiri hajui. Siku nyingine nafikiri anajua kabisa, na hana pa kwenda, na kila asubuhi anapanda kile kilima na fimbo yake anajua. Hiyo ndiyo inaniumiza. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningelala usingizi.

Sasa mtoto ameshikwa tena, na safari hii ni vibaya. Juzi macho yaliingia ndani. Nikimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama kama kitambaa, hairudi haraka. Nampa yale maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, anatoa, nampa tena. Jana Rael na Johana walimbeba mpaka dispensari kwenye matope, wakaambiwa maji ya mshipa ya kutundika yamekwisha, wampeleke hospitali kubwa kama hatashika maji ya mdomo. Leo asubuhi ameyashika kidogo. Kidogo. Nimemwacha na mama yake nikaja mbio kwa Nekesa, na hata sasa nikisema nawe masikio yangu yako kule chini. Na mzee amekaa nje ya mlango na koti lake, hakula. Anauliza kila saa, "Amekunywa maji?" Halafu akachukua kikombe akashuka bombani mwenyewe kumletea. Nikakipokea, nikasema asante mzee, nikaingia nyuma ya nyumba nikamwaga. Nitamwaga vikombe vingapi? Na nisipokuwepo?

Nilipomwambia Nekesa haya yote, alifikiri nimerogwa. Akasema, "Wewe bibi, yaani mtoto anakufa kwa sababu ya heshima?" Nikamwambia, kwani kwenu hakuna heshima? Akasema, "Iko! Kwetu pia mzee hawezi kuingia choo cha mke wa kijana wake. Lakini kwetu mkwe mkubwa akisema anakuja kulala, watu huchimba choo kipya kabla hawajanunua hata sukari. Utamweka wapi mgeni wa namna hiyo? Utampeleka kwenye majani?"

Baba Rael, nilisimama pale mlangoni mwa Nekesa kama mtu aliyepigwa na mlango.

Kwa sababu pamwai wako amekuulizia tangu siku ya harusi. "Pamwai hajawahi kulala kwangu. Alikula, akapanda gari. Ni kama hatukuoana." Amenunua hata kitanda, kiko kwenye nyumba yake, hakuna anayekilalia, anasema ni cha pamwai. Maziwa yako ya mursik yamekaa kwenye kibuyu, yanamwagwa, yanawekwa mengine. Wewe huwezi kuingia kwenye choo cha Johana na binti yako. Huwezi kwenda kwenye laini kama mimi. Na yeye hawezi, hata dunia igeuke, kukuambia upande kichakani. Akisikia tu kwamba unakuja kulala, si kula chakula cha mchana na kukimbilia gari, atajiuliza mwenyewe lile neno ambalo sisi wote tumeshindwa kumwambia. Na kuchimbia pamwai choo si aibu. Ni heshima. Kijana wake atachimba akiimba.

Umeona? Ni wewe. Na wewe uko huko na ndama.

Sitakudanganya kwamba hii itamponya mtoto. Choo hakichimbwi kwa siku moja, na ule uchafu ulio juu utashuka bado na mvua nyingi. Huenda ukija utakuta nimekuita bure. Lakini mimi nimeshapiga kelele mara moja watu wakanyamaza, na haikusaidia. Sijui kingine cha kufanya. Nimezeeka, nimezaa, nimezika, nimekemea watu wakubwa, na hapa nimeshindwa na kichaka.

Nisalimie dada yako mkubwa, mwambie ile shuka yake ninayo, sijaiiba. Nisalimie kitinda mimba wetu na mke wake. Kabla ujauzito wake haujakua, huyo mke amwambie mume wake akuchimbie choo chako sasa hivi, kabla hujaanza kupanda vilima. Msalimie jirani yetu fundi wa viatu, na umwachie ng'ombe, ana mikono miwili na watoto hodari. Msalimie mchungaji wa huko, aombe, lakini aombe na wewe ukiwa njiani. Mama wa duka, Mungu akubariki kwa macho yako. Nekesa naye anakusalimu, anasema anataka kuona huyu mtu mwenye masikio ya kusimama.

Ni mimi mkeo, mama Rael, niliyekuacha na sukuma wiki na nikakukumbuka.

Basi ufanye hivi. Tuma neno mbele yako, kwa dereva yeyote anayefika Kericho, kwamba pamwai anakuja na atalala mpaka achoke. Halafu uje. Ukifika, usinitafute jikoni, usiulize habari za mtoto. Nitakuwa nimesimama mlangoni na yeye mikononi, au bila yeye, usinitazame, utashindwa kuongea. Mpe mkono pamwai wako, na kabla hujakaa, kabla hawajakuletea chai, muulize kwa lugha yetu, kwa sauti ya mzee na mzee mwenzake: "Pamwai, choo chetu sisi wawili kiko wapi?"